Ufa wa Ukuta Usio Wako

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii husemwa majumbani na mabarazani, na aghalabu husemwa kwa nia ya kumkemea mvivu. Lakini imelinyamazia jambo moja: haikusema ufa huo ni wa ukuta wa nani. Anayeambiwa hudhaniwa kuwa ndiye mwenye ukuta, mwenye udongo wa kuuzibia na mwenye haki ya kuugusa. Je, ikiwa ukuta ni wa mtu mwingine, naye hayupo, na ufa wake unamtazama jirani asubuhi na jioni? Hapo methali haitoshi, na hapo ndipo swali lenyewe linapoanzia.

Ichukuliwe nyumba moja ya kufikirika, na iwekwe mahali pa kweli. Ikombe ni kijiji cha Wakisi wilayani Kyela, kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Mbele yake kuna maji ya kina kirefu. Nyuma yake milima ya Livingstone imesimama wima, hata watu wakaachiwa ukanda mwembamba tu wa kujengea. Kwa miaka mingi njia yake kuu ilikuwa mtumbwi. Wanawake wa huko ni wafinyanzi wenye sifa: vyungu vyao huvuka maji hadi gulio la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo huenda Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Mahali palipobanwa namna hiyo hapana nyumba iliyo mbali na nyumba nyingine. Jirani ni yule ambaye moshi wa jiko lake unaingia kwako.

Mwenye nyumba hiyo, basi, alikwenda mjini kutafuta riziki. Wazazi aliowajengea wamefariki. Alirudi kwa matanga, akakaa siku chache, kisha akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA INAUZWA, na nambari ya simu chini yake. Mvua imekwisha kuzila tarakimu mbili za mwisho. Bati la kona limelegea misumari. Magugu yamefika dirishani. Maji ya paa, ambayo zamani yalikuwa na mfereji wake, sasa yanamiminika kwenye uwanja wa jirani. Na jirani huyo ni mama mfinyanzi ambaye uwanja huo ndio karakana yake. Hapo ndipo anapoanika vyungu vibichi kabla ya kuvichoma. Kyela hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndio kilele chake. Chungu kibichi kikilowa hurudi kuwa udongo.

Ingefaa kusemwa kwa pembeni kwamba kuta za Tanzania zina maandishi ya aina mbili. Mjini Dar es Salaam ni kawaida kukuta nyumba iliyoandikwa kwamba haiuzwi, na hapo msomaji hutambua mara moja kuwa ndani yake mna ugomvi: ndugu anaogopa ndugu, au mke anamwogopa mume, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia kila mmoja wao kuiuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Nyumba isiyouzwa ina watu wengi mno wanaoitaka. Nyumba inayouzwa, ikikaa sana, haina hata mmoja. Aliyeondoka ameshaiacha kwa moyo, na ajaye hajaipokea kwa mali. Katikati ya wawili hao nyumba huoza, na atakayeusikia uozo huo wa kwanza hayumo katika biashara yao hata kidogo.

Afanye nini, basi, mama yule? Majibu mawili ya haraka yako karibu. La kwanza linasema: si yangu, nisiiguse. La pili linasema: imeachwa, basi ni yetu sote, ng'oa bati, vunja mlango upate kuni, fungia mbuzi ndani. La kwanza linajiita adabu na la pili linajiita haki. Yote mawili ni njia za kumkwepa mwenye nyumba. Hakuna kati yake linalozungumza naye.

Msomaji wa ushairi wa pwani ana njia ya tatu, na kwa kuwa ni nzuri sana yafaa iangaliwe kwa hadhari. Tangu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, akiyazingatia majumba ya Pate yaliyobaki bila ya wenyewe, nyumba tupu imekuwa waadhi. Mtu husimama mbele yake, akautazama mlango uliolegea, akakumbuka kuwa dunia haidumu, kisha akaenda zake akiwa mwema zaidi. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini mabwana wa Pate walikuwa wamekwisha kufa; hapakuwa na wa kuulizwa wala wa kudaiwa. Nyumba ya Ikombe ina mwenyewe aliye hai, anayekula na kulala mahali fulani, pengine katika chumba cha kupanga kinachovuja pia, kwani mfinyanzi hulia gaeni. Kuitazama nyumba ya aliye hai kwa jicho la mwenye kuomboleza ni kumzika mtu kabla ya wakati wake, na ni kumsamehe deni ambalo hakuomba kusamehewa.

Visiwani jambo hili linaeleweka bila ya maelezo mengi. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kabla yake na baada yake zimeandikwa kurasa nyingi za huzuni juu ya kuta zake. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Ukuta unapoanguka hauulizi nani ana hati. Huangukia aliye chini yake.

Watu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa walilifikiri suala la ujirani kwa kina kuliko watu wengi. Wanyakyusa, wanaopakana na Wakisi, walichunguzwa na Monica Wilson na mumewe Godfrey kati ya miaka ya 1934 na 1938, na kitabu cha Monica kuhusu vijiji vyao, *Good Company*, kilitoka mwaka 1951. Kilichomshangaza mtafiti huyo ni kwamba Wanyakyusa hawakukaa kwa koo. Walikaa kwa marika. Vijana wa umri mmoja waliondoka katika miji ya baba zao, wakajenga pamoja, wakaoa, wakazeeka pamoja. Jirani, kwa hiyo, hakuwa ndugu aliyeletwa na damu. Alikuwa mwenzi wa maisha, na kula pamoja na kuzungumza pamoja vilihesabiwa kuwa wajibu, wala havikuwa starehe tu.

Katika fikra hiyo mlikuwa na jambo waliloliita pumzi ya watu. Mtu akikosea waziwazi, akawadharau majirani zake au akawanyima haki yao, manung'uniko yao yaliaminiwa kumshukia mwilini kama baridi, akaugua. Asiyeamini kuwa manung'uniko yanaweza kuleta homa hana budi kukiri kuwa imani hiyo ilibeba mambo mawili ya hekima. La kwanza, kosa la nyumba moja halikuwa siri ya nyumba hiyo. La pili, na ndilo zito zaidi, kinyongo kilipaswa kutolewa kinywani. Jirani mwenye hasira aliyenyamaza alikuwa naye hatarini na mwenye hatia; mapatano hayakuweza kuja mpaka maneno yasemwe mbele ya aliyekosea.

Sasa pumzi hiyo itamfikaje mtu aliye Dar es Salaam? Kutokuwepo si jambo geni huko. Watu wa Rungwe na Kyela walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, kule Chunya, tangu miaka ya 1920. Walikwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na migodi ya Afrika Kusini iliwaandikisha vijana mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoufunga mlango huo mapema katika miaka ya 1960. Mtu aliyekwenda mgodini aliiacha nyumba mikononi mwa watu: mke, kaka, wenzake wa rika. Yule wa mfano huu ameiacha mikononi mwa bei. Na bei haichimbi mfereji.

Kuna watakaosema kuwa hayo ni ya zamani, na kwamba leo kuna sheria. Ni kweli, ipo, na si mbaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji. Ardhi ya hakimiliki ya kimila isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, baada ya kutolewa taarifa na mwenyewe kupewa nafasi ya kujieleza. Hata kuuza si hiari ya muuzaji peke yake. Halmashauri lazima iridhie. Lakini sheria hiyo inatazama ardhi, tena kwa subira ya miaka. Vyungu vinakauka kwa siku. Baina ya siku na miaka mna nafasi kubwa, na nafasi hiyo haijazwi na kitu ila mwenendo wa watu wawili.

Tena sheria hiyohiyo ya nchi imepanda hofu mahali ambapo pangeota wema. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, mwenye ardhi aliyeiachia ikaliwe na mwingine kwa miaka 12 bila ya kudai anaweza kuzuiwa kuidai mahakamani. Kila mwenye nyumba aliye mbali amesikia habari hiyo, japo kwa uvumi: fulani alimwachia jirani afyeke, jirani akapanda migomba, migomba ikazaa, na alipokuja kuuliza akaonyeshwa wajukuu waliozaliwa chini yake. Kwa sababu hiyo wako wanaopendelea nyumba zao ziote magugu kuliko kufyekwa na mkono wasioujua. Ukali wao si uchoyo mtupu. Wanaogopa kuibiwa kwa wema.

Hapa ndipo ulipo ufunguo, na haukufichwa mbali. Mahakama za Tanzania zimeshikilia mara nyingi kwamba aliyeingia kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kuigeuza ruhusa hiyo kuwa umiliki, hata akae miaka mingapi. Maana yake ni kwamba anayeomba ruhusa ya kufyeka, kwa kule kuomba kwake, anajivua dai. Neno moja linawalinda wote wawili: mwenye nyumba analindwa na unyang'anyi, na jirani analindwa na tuhuma. Wema unaofanywa kimyakimya ndio unaofanana na wizi. Ukisemwa mbele ya mashahidi hupoteza mfanano huo.

Na kama mwenyewe hapatikani? Wanasheria wa Roma ya kale waliugeuzageuza mfano huuhuu wa nyumba. Ulpian, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, alisema kwamba mtu aliyeitegemeza kwa nguzo nyumba ya asiyekuwepo, kwa nia ya kumsaidia, ana haki ya kurudishiwa gharama zake hata kama nyumba ile baadaye iliungua. Kinachopimwa ni manufaa ya kazi wakati ilipofanywa. Warumi hao walimruhusu pia jirani wa jengo bovu kudai dhamana kabla halijamwangukia. Lakini katika mjadala uleule limo swali lililoulizwa na Celsus, na linafaa kusikilizwa hata Ikombe: itakuwaje ikiwa mwenye nyumba aliiacha kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuikarabati? Je, jirani amtwishe deni la wema ambao asingeweza kuununua? Swali hilo linaweka mpaka. Jirani azuie madhara. Asijenge upya nyumba ya mtu kwa ladha yake, kisha akampelekea hesabu.

Yote hayo, hata hivyo, yanadhania kuwa jirani ana moyo safi. Yuko jirani mwingine, na yafaa atajwe kwa sababu ni wa kawaida kuliko mwizi. Katika ukanda ule mwembamba, mnunuzi wa asili wa nyumba hiyo ni nani ila jirani mwenyewe? Anahitaji nafasi, watoto wamekua. Bei iliyotajwa imemshinda. Lakini kila masika inayopita inaishusha. Bati likiruka kwa upepo wa kusi, bei itashuka. Dari ikioza, itashuka zaidi. Hahitaji kufanya lolote. Hahitaji hata kusema uongo. Inatosha akae barazani kwake atazame mvua ikimfanyia kazi, na mtu akimpigia simu kutoka mjini kuuliza hali ya nyumba, ajibu kwa neno lile la Kiswahili lisiloshikika: ipo tu.

Ubaya wa jirani huyu ni mgumu kuushitaki, kwani hakuna alichokigusa. Amefuata jibu la kwanza kwa ukamilifu: si yangu, nisiiguse. Hapo ndipo inapoonekana kuwa adabu ile ya kutogusa haikuwa adabu kila mara. Ukimya unaomlipa mwenye kunyamaza si ukimya tena. Ni mnada wa siri ambao muuzaji hakualikwa.

Fiqihi ya Kiislamu iliuona mtego huu na ikaufungulia mlango wa wazi, yaani shufaa, haki ya kutangulizwa katika ununuzi. Madhehebu ya Hanafi yanampa haki hiyo hata jirani anayepakana. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani, yanaiwekea mpaka kwa mshirika katika mali yenyewe. Watu wa elimu wamebishana sana juu ya tofauti hiyo, na hapa si mahali pa kuiamua. Linalohusu hapa ni tabia ya haki yenyewe. Mwenye shufaa haruhusiwi kulala juu yake. Akisikia habari ya mauzo anatakiwa aseme bila ya kuchelewa, la sivyo humpotea. Tena hulipa bei ileile aliyokubali mgeni, wala si bei iliyonyeshewa. Haki ya jirani inamjia sambamba na wajibu wa kujitangaza. Mtu wa Ikombe halazimiki kuwa Mwislamu ili aione busara ya hilo: anayeitaka nyumba na aseme anaitaka, siku ambayo paa bado liko juu.

Ufuo huohuo una habari ya kweli ya nyumba za wasiokuwepo. Wamisionari wa Kijerumani wa shirika la Berlin walifika kaskazini ya ziwa mwaka 1891, na katika miaka hiyo ya 1890 Ikombe ikawa moja ya vituo vyao. Wamoravian walijenga kando yao, Rungwe na kwingineko. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia katika nyanda hizo mwaka 1916, Wajerumani waliondolewa, na vituo vikabaki bila ya wenyewe. Waliokuja kuvitazama walikuwa Waskoti wa Livingstonia, majirani wa ng'ambo ya magharibi ya ziwa, na taifa lao lilikuwa limetoka kupigana na taifa la wenye nyumba. Wangeweza kudai, ushindi wa vita una hoja zake. Lakini walivishika vituo kama amana, na Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920, wakavirudisha. Historia hupenda kuwataja Waskoti. Ingekuwa haki kuongeza kwamba kabla yao na pamoja nao walikuwapo walimu na wazee wa huko, waliofungua milango asubuhi na kuifunga jioni, bila ya kudai kwamba mlango ni wao.

Mama mfinyanzi hana shirika nyuma yake. Ana panga, jembe na vyungu vitakavyolowa. Tarakimu mbili zilizofutika atazipata kwa wenzake mwenye nyumba, siku ya gulio Lyulilo, kwa sababu hakuna mtu wa ufuo ule ambaye hana mwenzake hata mmoja sokoni. Atapiga simu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mzee mwingine mmoja. Atamwambia mwanangu, maji ya paa lako yanaua kazi yangu, nataka kuchimba mfereji upande wako wa ukuta na kufyeka mpaka dirishani, bati la kona nitalishusha nilitie ndani ya veranda, lisije likamkata mtoto wa mtu, mlango sitaufungua. Na kama moyoni mwake anaitamani nyumba, atalisema hilo nalo, papo hapo, mashahidi wakisikia, ingawa litampandishia bei.

Mwenye nyumba anaweza kushukuru. Anaweza pia kufoka, akadhani anazungukwa, akakataa. Akikataa, mama atachimba upande wake mwenyewe, ambao hauhitaji ruhusa ya mtu, na habari ya bati ataipeleka kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao kwa sheria ni wanawake. Litachukua muda. Pengine baadhi ya vyungu vya mwaka huo vitapotea, na hakuna hoja katika makala yoyote itakayovirudisha.

Ama mnunuzi, akija, atashuka kwenye mtumbwi siku ya Jumamosi, viatu mkononi, pamoja na dalali anayesifu hewa. Waarabu husema jirani kabla ya nyumba, na mnunuzi mwenye akili hulijua hilo hata kama hakuambiwa. Atayasoma maandishi yaliyofifia, ataupita mfereji mpya, kisha kabla ya kuuliza habari ya paa au ya bei atageuka upande wa pili wa uwanja, kwa mwanamke aliyeinama juu ya chungu, amuulize amekaa hapo miaka mingapi. Naye atasimama, apanguse udongo mikononi, amkaribishe aketi.